Madoa ya Jua na Mbegu Yako

Leo tuziache kidogo habari za samadi na palizi, tuzungumze habari za jua. Ila msilitazame kwa macho matupu, maana litawapofusha.

Oktoba 2024, jua lilituletea dhoruba kali. Mkulima mmoja wa vuli alinijia, mbegu zake za maharage zingali guniani. Akaniuliza, "Bwana shamba, nasikia jua limechafuka. Nisipande?" Swali hilo si la kuchekwa. Mwenye eka moja akikosea msimu, watoto watalala njaa.

Haya, tuanze na jua lenyewe. Jua ni nyota. Usoni mwake lina madoa yanayoonekana meusi kwa kuwa yana joto pungufu: kiasi cha nyuzi 3,500 za Selsiasi, wakati sehemu nyingine zina nyuzi 5,500. Madoa hayo huongezeka na kupungua kila baada ya miaka kama 11. Iko pia mioto midogo midogo. Mwaka 2020 chombo cha anga kiitwacho Solar Orbiter kilipiga picha za mioto hiyo, na mdogo wake ulikuwa na upana wa kilomita 400, kama Dar es Salaam hadi Dodoma! Kwa jua, huo ni moto wa mafiga tu. Nyota nyingine nazo hufanya hivyo. Proxima, iliyo jirani zaidi na jua letu, ni ndogo lakini mioto yake ni mikali mno.

Mlipuko ukiwa mkubwa, jua huweza kurusha wingu la gesi lenye nguvu ya sumaku, nalo hufika kwetu kwa siku moja hadi tatu. Je, litaunguza mahindi? La. Dunia inakingwa na sumaku yake na hewa yake. Vinavyopata taabu ni vyombo. Machi 1989, watu kama milioni 6 wa Quebec, Kanada, walikosa umeme kwa saa 9 hivi. Mei 2024, wakulima wa Marekani walisimamisha matrekta yanayoongozwa na setilaiti, tena wakati wa kupanda. Na redio ya masafa mafupi huweza kufifia. Jembe lako la mkono halijui habari hizo.

Sasa basi, je, madoa huleta mvua? Mwaka 1923 mtaalamu Brooks alionyesha kwamba maji ya Ziwa Viktoria yalipanda na kushuka pamoja na madoa ya jua. Watu wakafurahi. Lakini baada ya miaka michache mambo hayakulingana tena. Kisha mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 zikainua ziwa kwa zaidi ya mita 2, wakati madoa yalikuwa yanapungua. Mvua zile zilihusiana zaidi na joto la Bahari ya Hindi. Wataalamu wangali wanabishana juu ya jua na mvua. Wewe usipande kwa mabishano.

Wazee wetu walitazama Kilimia, na hawakukosea. Nyota zile haziwaletei mvua. Zinawaambia tu ni wakati gani wa mwaka. Ni kalenda, basi.

Kwa hiyo ndugu mkulima, fanya hivi. Kwanza, sikiliza utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Pili, tayarisha shamba mapema. Tatu, mvua ikinyesha, chimba kidogo: udongo ukiwa umelowa hadi urefu wa kiganja, panda. Ukiwa umelowa juu tu, ngoja.

Yule bwana alichimba, akaukuta udongo mkavu, akangoja. Mvua ya pili ilipolowesha chini, akapanda, na maharage yakaota vizuri. Kilichomchelewesha ni udongo, si jua.