Juu ya Visu Mikononi mwa Vijana Wetu

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, kwa niaba ya Kamati



Mwaka huu Kamati imetoa fedha katika fungu la mazishi kwa ajili ya vijana wawili waliokufa kwa kuchomwa kisu. Fungu hilo tuliliweka kwa wazee na wagonjwa. Hatukuwafikiria vijana wa miaka 17. Ndiyo sababu tumeomba nafasi ya kulisema neno hili kabla ya hesabu kusomwa.

Kisu si kitu kigeni kwetu. Mgema hapandi mnazi pasipo kotama yake, mkulima hana shamba pasipo panga, na hapa Pwani bwana harusi huvaa jambia akapendeza. Kila kimoja kina mahali pake na mtu wake. Lililo jipya ni kijana kutoka nyumbani jioni na kisu cha jikoni cha mamaye kiunoni, hali hana kitunguu cha kukata. Tulipowauliza, hawakusema kwamba wataka kuua. Walisema kwamba waogopa: wavulana wa mtaa wa pili wana visu, nao hawawezi kupita mikono mitupu. Na hao wa mtaa wa pili walitujibu yale yale.

Tena wadhani kuna mahali pa mwili pa kuchoma pasipo na hatari. Husema, "Nilimchoma paja tu." Katika paja umo mshipa mkubwa upitishao damu itokayo moyoni, nao ukikatwa mtu aweza kufa katika dakika chache, kabla ya gari kupatikana. Twaomba kila mzee alirudie neno hili nyumbani kwake. Na mtu akichomwa, kidonda kikandamizwe kwa nguvu kwa kitambaa safi, pasipo kuachia. Kisu kikiwa kimebaki mwilini kisichomolewe, maana huenda ndicho kinachoizuia damu. Kitambaa kikandamizwe kandokando yake.

Serikali haikulala. Mwaka 2010 Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia uhalifu wa magenge, na mwaka 2016 makundi mengi yalitangazwa kuwa haramu. Lakini jina likipigwa marufuku kijana hubaki palepale, na kesho kundi hujipa jina jingine.

Mji wa Glasgow, huko Uskoti, ulikuwa na sifa mbaya ya visu katika Ulaya. Mwaka 2005 polisi wa huko waliunda idara ya kupunguza ujeuri, wakaamua kuutazama kama madaktari wautazamavyo ugonjwa wa kuambukiza: watoka wapi, na kesho utampata nani. Oktoba 2008 waliwaita vijana wa magenge katika ukumbi wa mahakama. Polisi waliwaonya, kisha akasimama daktari, kisha mama aliyeumizwa na mambo hayo, mwishowe wakapewa nambari ya simu ya mahali pa kuomba msaada wa kazi na mafunzo. Mwaka 2015 watu waliwekwa katika chumba cha dharura cha Glasgow Royal Infirmary, wakae na majeruhi kabla hawajapanga kisasi. Katika miaka kumi baada ya 2005 mauaji katika Uskoti yalipungua kwa zaidi ya nusu. Hatusemi ni kwa sababu ya idara hiyo peke yake, wala hatuna fedha zao. Lakini mama aliyefiwa tunaye, na hospitali twaijua njia yake.

Sasa, Wazee wetu, mtuwie radhi. Kijana akijeruhiwa, desturi yetu ni kuketi barazani, kutoza fidia, na kuliacha jambo liishe nyumbani. Fomu ya P3 haijazwi. Jambo huisha kwa wazee. Kwa vijana haliishi. Mmoja wa wale wawili tuliowazika alikuwa amemkata mwenzake mwezi uliotangulia. Jambo lile tulilisuluhisha sisi wenyewe, tukapeana mikono, tukanywa kahawa. Hakuna aliyemwendea yule aliyekatwa kumwuliza analala vipi. Kamati ilikuwapo, nasi twakiri.

Kwa hiyo twaleta maombi mawili. Kwanza, kila kijana wa mitaa yetu akichomwa kisu, wanachama wawili na mama mmoja waende hospitali usiku ule ule, wakae naye, na nauli yao itoke katika fungu la Chama. Pili, suluhu yoyote ya jeraha la kisu isifanywe barazani mpaka polisi na daktari wamekwisha andika yao. Ombi hili la pili lilipingwa na wajumbe watatu wa Kamati, nao watapewa nafasi ya kusema.

Mama wa kijana mmoja yumo humu ukumbini, ameketi karibu na dirisha. Amekubali kusema. Twaomba asikilizwe kabla ya kura kupigwa.