Elimu ya Malezi ni Kazi, si Hisani



Kabla jua halijachomoza, kituo cha mabasi cha Gongo la Mboto huwa kimekwisha kujaa watu. Mwenye kibanda Kariakoo, kibarua wa viwanda vya Barabara ya Nyerere na karani wa ofisi ya katikati ya jiji, wote hugombea daladala moja. Nyuma yao, katika vyumba vya kupanga vya Gongo la Mboto, Majohe na Pugu, hubaki watoto wadogo. Mmoja huachwa kwa bibi yake, mwingine kwa msichana wa kazi ambaye naye hajatoka utotoni, mwingine kwa jirani. Mzazi arudipo usiku humkuta mwanawe amekwisha kulala.

Miaka mitano baadaye mtoto huyo hufikishwa mbele ya mwalimu wa darasa la awali. Mwalimu huona kwamba hasemi, hatulii, au huwapiga wenzake. Mzazi huitwa shuleni na kuambiwa kwamba amekosea. Yaweza kuwa kweli. Lakini kabla ya kumlaumu, haki yadai swali moja liulizwe: ni nani aliyepata kumfundisha mzazi huyo kazi ya ulezi?

Wapo wadhanio kwamba ulezi haufundishwi, bali huja wenyewe pamoja na mtoto. Wazee wa nchi hii hawakuamini hivyo. Gongo la Mboto imo katika ardhi ya Wazaramo, na Wazaramo walikuwa na chuo chao. Mwali alipowekwa ndani alipewa mwana hiti, sanamu ndogo ya mti, akaiosha, akaipaka mafuta na kuitunza kama mtoto, huku kungwi akimfunda. Kungwi hakuwa mpita njia. Alikuwa mtu aliyefundwa kwanza, aliyejulikana, aliyetunzwa na kuheshimiwa kwa kazi yake. Hapana haja ya kuyarudisha yote yaliyofundishwa siku zile, kwani mengine yalimfunga mwanamke, na baba hakuwamo kabisa. Lakini msingi wake ulikuwa imara: ulezi hufundishwa, na anayeufundisha ana kazi.

Mji umeuvunja utaratibu huo bila ya kuweka mwingine mahali pake. Mama wa chumba cha kupanga yu mbali na shangazi na nyanya zake, na baba hakupata kufundwa popote. Wote wawili hulea kwa kubahatisha.

Nchi hii si mgeni wa kuwafundisha watu wazima. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio kwa muda wa wiki 12, kila kikundi kikiwa na kiongozi wake aliyeandaliwa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1983, ulianza mpango wa lishe mkoani Iringa. Katika vijiji 168, watoto wa chini ya miaka 5 walipimwa uzito kila baada ya miezi 3, na matokeo yakajadiliwa na wanakijiji wenyewe: kwa nini huyu amepungua, hulishwa mara ngapi kwa siku, na mama yake ana mzigo gani wa kazi. Utapiamlo mkali ulipungua.

Mifano hiyo yatoa mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba mzazi hujifunza upesi akikutana na wenziwe, akijionea kwa macho yake, na akiwa na mtu aliyeandaliwa wa kumwongoza. La pili ni kwamba kampeni ina siku yake ya mwisho, hali watoto huzaliwa kila siku.

Hatua mpya zimechukuliwa. Mwezi Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya mwaka 2021/22 hadi 2025/26. Inamhusu mtoto hadi umri wa miaka 8, nayo imesimama juu ya nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na ujifunzaji wa awali. Mwaka 2024 ukazinduliwa mpango wa kuwapata wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano. Haja ni kubwa, kwani uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 wamedumaa.

Lakini nguzo hizo tano hazimfikii mtoto ila kwa mikono ya mzazi wake, na mzazi hafikiwi ila na mtu. Mtu huyo ni mwelimishaji wa wazazi, na yafaa kazi yake ielezwe waziwazi ili vijana waijue.

Kazi hiyo ni kumtembelea mama mwenye mtoto mchanga na kumweleza kwamba maziwa yake pekee yatosha kwa miezi 6 ya kwanza. Ni kumwonyesha baba kwamba mtoto asiyejua kusema husemeshwa, na kwamba akitoa sauti apewe jibu, maana huo ndio mwanzo wa lugha. Ni kuwafundisha wazazi kutengeneza vitu vya kuchezea kwa vifuniko, makopo na vitambaa. Ni kutazama uani na kuonya juu ya jiko la mkaa na ndoo ya maji iliyo wazi. Ni kumtambua mapema mtoto asiyesikia au asiyeketi kwa wakati wake, na kumpeleka kwa mganga kabla hajafichwa ndani. Ni kufundisha adabu pasipo fimbo.

Jambo jingine wakazi wa Gongo la Mboto walifunzwa kwa uchungu. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011, ghala za silaha zilipolipuka, watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, maelfu walikimbia gizani, na watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Mtoto amjuaye mama yake kwa jina la “mama” tu ni vigumu kurudishwa kwake. Kumfundisha mtoto wa miaka mitatu jina lake kamili, jina la mzazi na jina la mtaa hakuhitaji fedha. Huhitaji mtu wa kumkumbusha mzazi.

Je, kijana apendaye kazi hii aanzie wapi? Milango ipo. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, ipo Kijitonyama jijini humu. Taasisi ya Maendeleo ya Jamii ipo Tengeru, Arusha. Vyuo vya ualimu hufundisha elimu ya awali, na vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma huiendeleza hadi shahada. Aliyeanza akiwa mlezi katika kituo cha kulelea watoto mchana aweza kusoma hatua kwa hatua hadi kuwa afisa ustawi wa jamii, mkufunzi wa chuo au mtafiti. Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto na mwandaaji wa vipindi vya redio nao wamo katika kazi hiyo hiyo.

Wapo watakaosema kwamba mzazi wa Gongo la Mboto hakukosa elimu, amekosa fedha. Hoja hiyo ina uzito. Mwelimishaji hawezi kugeuka mshahara wala unga. Akienda kumhubiria mama mwenye njaa juu ya mayai na samaki, atastahili kufungiwa mlango. Lakini mwelimishaji aliyefunzwa huanza kwa kuuliza na kusikiliza, kisha humwonyesha mzazi lililo ndani ya uwezo wake, na lililo nje ya uwezo huo hulipeleka kwa ofisi inayohusika.

Ndipo ulipo wajibu wa watumishi wa umma. Mara nyingi kazi hii imeachiwa akina mama wa kujitolea, hupongezwa kwa makofi na kurudi nyumbani kwa miguu. Anayejitolea hana budi kuacha siku watoto wake mwenyewe wanapokosa chakula, na mtaa mzima hurudi pale ulipoanzia. Kazi yenye manufaa kwa taifa yastahili cheo, mafunzo, ujira na msimamizi. Ofisa apangaye bajeti ya halmashauri aitafutie fungu. Mwalimu aitishaye kikao cha wazazi asikifanye baraza la mashtaka, bali amwalike mwelimishaji aketi na wazazi hao.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Yabaki sasa kumwajiri atakayekwenda chumba hadi chumba kumweleza mzazi namna ya kulea.