Mwacheni Koko Abonyeze Mwenyewe



Mjini Kisangani wanasema wazee hawaiwezi simu. Nayakataa maneno hayo. Mama mzee ambaye hakupata shule anabonyeza alama ya maikrofoni kwenye WhatsApp, anamweleza mtoto wake aliye Kinshasa shida zake zote kwa Kiswahili, Kilingala na Kifaransa vikiingia humo humo. Huyo simu anaiweza. Kinachomshinda ni maandishi.

Kwa hiyo mashine za kuzungumza nazo zingemfaa yeye kuliko sisi tuliosoma. Siri ya Apple ilitoka mwaka 2011, Alexa ya Amazon mwaka 2014: unauliza kwa mdomo, unajibiwa kwa sauti. Lakini zilikuja bila Kiswahili. Na mwaka 2017, Google ilipoongeza Kiswahili kati ya lugha ambazo simu husikia na kuandika, kilikuwa cha Kenya na cha Tanzania. Koko, yaani bibi au babu, wa Kabondo hapa mjini, akisema kama anavyosema kila siku sokoni, anaweza kujibiwa asichouliza, kisha anaambiwa yeye ndiye hajui. Huko ni kumwonea.

Sauti huwafikia wazee ikiwa katika lugha yao: Radio Okapi imekuwa ikizungumza na Kongo kwa lugha 5 tangu 2002, wazee wakielewa. Mashine nayo hujifunza kwa kusikia sauti nyingi za watu, na mradi wa Common Voice wa Mozilla hukusanya sauti za Kiswahili za wanaojitolea. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani, wazee mnao nyumbani. Waombeni, na wakikubali, rekodini Kiswahili chao kwa ajili ya mradi huo.

Lakini sauti ina hatari yake, na hili linaniuma zaidi. Siku hizi mashine inaweza kuiga sauti ya mtu, hata ya mjukuu anayelia kwamba amepata ajali. Tena katika mji huu wamo wazee waliopoteza watu na nyumba katika vita vya siku sita ambamo jeshi la Uganda lilipigana hapa, Juni 2000. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, kwa sababu ya vita hivyo na madhara mengine ya miaka ile. Mtu aliyengoja fidia zaidi ya miaka 20, akipigiwa simu na sauti ya upole ikimwambia, "Papa, pesa yako imefika, nipe namba ya siri," ataponaje kama hakuna aliyemfundisha?

Vijana, kumpokonya koko simu na kumfanyia haraka haraka si msaada. Kesho, usipokuwepo, atampa mtu wa kabini ya simu simu yake pamoja na namba ya siri. Kaa kando yake, mwache abonyeze, akosee, arudie. Namba hiyo aijue yeye peke yake. Hata wewe mjukuu usiijue. Na sauti yoyote ikimwomba pesa, hata ikiwa ya mwanawe, akate, kisha apige yeye mwenyewe kwa namba aliyoizoea.

Mfundisheni hilo leo jioni, kabla hajapigiwa simu hiyo.