Maneno Mbegu: Mwananchi Anaandika Nini Anapotafuta Mkopo?

(Mada iliyotolewa kwenye semina ya vijana wanaosimamia kurasa na tovuti za kata)



Kwenye ratiba mada yangu imeandikwa "Utafiti wa maneno ya utafutaji". Nitaongelea hatua ya kwanza tu, kwa sababu ndiyo wengi wanairuka. Ni yale maneno machache ya kuanzia, mawili matatu hivi, ambayo mimi nayaita maneno mbegu. Ukiyaweka kwenye programu yoyote ya utafiti, itakuoteshea mengine mamia. Lakini programu haichagui mbegu. Ukiipa neno la ofisini, itakurudishia maneno ya ofisini mia mbili, na utafurahi bure.

Tuchukue mfano mmoja tuubanebane: mikopo ya asilimia kumi. Humu ndani wote mnaijua. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mkopo wenyewe hauna riba. Sasa fungua tovuti nyingi zinazoielezea. Utakutana na "uwezeshaji wananchi kiuchumi", "utoaji wa mikopo kwa makundi maalumu". Ni Kiswahili kizuri, sina ugomvi nacho. Ila niambieni, kijana wa bodaboda ambaye injini imekufa na bosi anadai hesabu ya jioni, akitoa simu mfukoni anaandika "uwezeshaji"? Anaandika "mkopo wa haraka kwa simu". Anaandika "mkopo bila dhamana".

Na huko anakopelekwa na maneno hayo mnakujua. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha mtandaoni bila leseni. Watu wa kausha damu hawana semina kama hii, lakini lugha ya mtu mwenye shida wanaijua vizuri kuliko sisi. Wao wamekaa kwenye maneno yake, sisi tumekaa kwenye maneno ya waraka.

Kwa hiyo mbegu tunaitafuta wapi? Kwanza mtaani, kompyuta baadaye. Nenda kijiweni, nenda kwa mama lishe, kaa na wanakikoba. Usimuulize mtu "unahitaji huduma gani ya kifedha", atakujibu kama anajibu mtihani. Mpe simu, mwambie: leo una shida ya hela, andika hapo ungetafutaje. Kisha nyamaza. Andika kwenye daftari kile alichoandika, neno kwa neno, pamoja na makosa yake. (Mwombe ruhusa kwanza, na jina lake wala namba yake hatuzihitaji.) Utaona "mkopo wa halaka", utaona "jinsi yakupata mkopo". Msicheke. Google inarekebisha makosa mengi yenyewe, kwa hiyo huna haja ya kuyapachika kwenye ukurasa wako. Faida yake ni kwamba yanakuonyesha mtu anaandika anavyoongea, na hiyo ndiyo lugha ya kichwa chako cha habari.

Angalieni sana neno "bila". Bila dhamana, bila riba, bila kitambulisho, bila kwenda ofisini. Mtu anapoandika "bila" ametaja kilichomkwamisha jana. Mimi naipenda mbegu ya namna hiyo kuliko zote, maana ndani yake kuna swali kamili unaloweza kulijibu.

Ukiwa na daftari lako, sasa kaa kwenye Google. Fungua dirisha la faragha ili historia yako isikuchanganye, andika "mkopo wa" halafu usibonyeze kitu. Soma mapendekezo yanayoshuka chini. Ongeza herufi moja, a, kisha b, kisha ch, soma tena. Halafu shuka mwisho wa ukurasa wa majibu, kuna utafutaji mwingine unaohusiana. Rudia YouTube, kwa sababu vijana wengi wanapenda kuonyeshwa kuliko kusoma.

Hapa kuna jambo ambalo miongozo ya Kiingereza haikwambii. Kiswahili chetu kinabadilika sana kichwani, na mara nyingine mkiani pia. Mkopo na mikopo ni mbegu mbili. Kukopa, nakopaje, naweza kukopa, tunakopaje kama kikundi, kila moja inaleta mapendekezo yake. Jaribu na "jinsi ya", "namna ya", "vigezo vya", "fomu ya". Ukijaribu umbo moja tu umeacha nusu ya shamba.

Mbegu pana nayo ni hasara. Andika "mikopo" peke yake uone: utazama kwenye habari za Bodi ya Mikopo na wanafunzi wa vyuo. Hao nao wana shida zao, ila si wasomaji wa ukurasa huu. Ongeza neno moja la kulifunga: "mikopo ya halmashauri", "mkopo wa kikundi cha vijana", au jina la wilaya yako.

Kuhusu zana za namba nitapita haraka. Google Trends ni ya bure, unachagua Tanzania na kulinganisha "mikopo ya halmashauri" na "mikopo ya asilimia kumi". Kumbuka ile 0 hadi 100 si idadi ya watu, ni kipimo cha kulinganisha tu, na ikikwambia data haitoshi haina maana hakuna anayetafuta. Kwenye wilaya ndogo watu arobaini wenye shida ni wengi. Kama tovuti ya kata yenu ina miezi kadhaa, Search Console itawaonyesha maneno ambayo watu tayari wameyatumia mkatokea. Humo mara nyingi kuna mbegu ambayo hakuna aliyeiwaza.

Swali litakuja, najua: je, tuweke "mkopo wa haraka" kwenye kichwa ili tuwavute? Hapana. Mkopo wa halmashauri kwa kawaida unataka kikundi kilichosajiliwa, unapita kwa afisa maendeleo ya jamii, unasubiri. Ukimwahidi haraka atafungua, ataona umemdanganya, atarudi kulekule. Andika kweli kwa maneno yake: "Mkopo bila riba wa halmashauri: unachukua muda gani na unaanzia wapi?" Neno "bila riba" amelileta yeye, jibu umelileta wewe.

Baada ya chakula tunagawanyika kwa kata. Kila kundi litoke na daftari, liende stendi au sokoni, lirudi saa kumi na maneno ishirini yaliyoandikwa na watu wenyewe. Ya kubuni mezani nitayajua, msihangaike.