Matembezi ya Msituni Amani

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari za matembezi, wala si matembezi ya mjini, bali ya kwenda kuutazama msitu wa Serikali ulioko Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, wilaya ya Muheza. Huenda mtu akasema, "Je, kutembea nako kwataka mafundisho? Si kila mwenye miguu hutembea?" Nasi zamani tulisema vivyo hivyo, mpaka tulipopata somo ambalo hatujalisahau.

Kwanza na tuwaeleze mahali penyewe. Msitu wa Amani ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, nao ulikuwa wa kwanza katika Tanzania kupewa daraja hiyo. Ndani yake mna bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1902, wakati wa utawala wa Wajerumani, na humo ilipandwa miti iliyoletwa kutoka pande nyingi za dunia. Mto Zigi hushuka kutoka milima hii, na maji yake ndiyo yanywewayo na watu wa mji wa Tanga. Tena, katika miamba yenye kivuli karibu na vijito, huota ua dogo la rangi ya zambarau. Walter von Saint Paul-Illaire, mtumishi wa serikali ya Kijerumani, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 wataalamu wakaliita kwa jina lake, Saintpaulia. Leo jamaa za ua hilo hukaa katika vyungu madirishani mwa nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, wala wenye nyumba hawajui kuwa asili yake ni huku kwetu. Mahali kama hapo pastahili kutazamwa na kila mwanafunzi na kila mzazi.

Sasa sikilizeni yaliyotupata. Miaka kadhaa iliyopita tuliwachukua wanafunzi wa chuo chetu cha ualimu, watu 32, nasi walimu tulikuwa wawili. Shauri letu lilikuwa kushuka kwa miguu kutoka Amani hata Zigi, penye lango la hifadhi, kwa njia ya msituni. Asubuhi gari ilichelewa, lakini hatukuipunguza safari kwa ajili ya saa zilizopotea. Tulisema, "Vijana hawa wana nguvu, watafidia njiani." Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili, tuliukadiria mwendo kwa kuwatazama wale waliotangulia. La tatu ndilo lililokuwa baya zaidi: mmoja wetu, aliyepaswa kukaa nyuma ya wote, alikuja mbele kusikiliza habari za miti, wala hakumwachia mtu nafasi yake.

Tulipofika Zigi jua lilikuwa limekwisha kushuka nyuma ya milima. Tukahesabu, wakawa 31. Tukahesabu tena, wakawa 31. Kila mmoja alidhani kwamba mwenzake huyo yuko na kundi jingine. Hapo ndipo tulipoujua uzito wa kazi yetu, kwani mzazi hakutukabidhi hesabu ya watu, alitukabidhi mtoto wake. Simu za mkononi tulikuwa nazo, lakini mle bondeni hazikufaa kitu. Kurunzi ilikuwa moja tu. Mzee aliyekuwa kiongozi wetu hakutoa neno la lawama. Aliichukua kurunzi, akasema, "Mwalimu mmoja anifuate. Wengine kaeni hapa, asiondoke mtu."

Wakapanda muda uliokaribia saa nzima, wakiita na kunyamaza, wakiita na kunyamaza, mpaka wakasikia sauti ikijibu. Kijana alikuwa ameketi juu ya mzizi penye njia panda, kiatu chake mkononi. Kiatu kilikuwa kipya, nacho kilimchubua kisigino. Aliketi ili akivue, na alipoinua macho hakuona mtu. Kwa kuwa hakujua ni njia ipi iteremkayo, alikaa pale pale, nayo ndiyo iliyokuwa akili yake njema. Hakutulaumu. Aliuliza tu, "Mwalimu, wenzangu wamefika wote?" Swali hilo lilitupasa sisi kuliuliza, tena saa mbili kabla ya hapo.

Tangu siku ile twafuata kanuni chache, nasi twawapa ninyi kama tulivyozipata.

Kanuni ya kwanza ni majira. Mvua za masika huwa nyingi mwezi Machi hata Mei, na za vuli Oktoba hata Desemba. Wakati huo njia za mlimani huteleza na vijito hujaa. Miezi ya Juni hata Septemba yafaa zaidi, walakini hata wakati huo chukueni nguo za mvua, kwani Amani mvua hunyesha bila kutangulia kubisha hodi.

Kanuni ya pili ni ruhusa. Msitu huu una wenyewe. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania ndio wausimamiao kwa niaba ya Serikali, na mgeni hulipa ada na kupewa kibali. Chukueni kiongozi mwenyeji, hata kama mwadhani njia mwaijua. Siku ile, kama si yule mzee, sisi tungalipotea watatu badala ya mmoja.

Kanuni ya tatu ni saa. Watu wengi hupanga safari kwa kuanzia asubuhi. Sisi sasa twaanzia jioni. Jua huchwa baada ya saa kumi na mbili, lakini chini ya miti mirefu giza huingia mapema. Kwa hiyo twaweka saa kumi kuwa saa ya kutoka msituni, kisha twahesabu kurudi nyuma. Kama mwendo wa kurudi ni saa mbili, basi saa nane ikifika kila mtu ageuke, hata kama hatujafika tulikokusudia. Na mwendo huo upimwe kwa miguu ya aliye mzito kuliko wote, si ya mwepesi. Gari ikichelewa saa moja, safari nayo ikatwe saa moja.

Kanuni ya nne ni hesabu. Andikeni majina ya wote katika karatasi mbili: moja iende nanyi, nyingine ibaki langoni pamoja na saa mtakayorudi. Mtu mmoja mwaminifu awe wa mwisho, wala mtu yeyote asipite nyuma yake. Mhesabiane kila mfikapo njia panda, kila mvukapo kijito na kila mwinukapo baada ya kupumzika. Kazi hiyo hailiwi na dakika moja. Na kila mtoto afundishwe neno hili kabla ya kuondoka: ukijiona peke yako, kaa ulipo, upige firimbi, nasi tutakuja.

Kanuni ya tano ni vifaa. Viatu viwe vile vilivyokwisha kuzoea mguu. Suruali iingizwe katika soksi, maana siafu hawabishani na mtu. Mwe na maji ya kutosha, chakula kidogo, sweta, bendeji, na kurunzi moja kwa kila watu watano.

Kanuni ya sita ni adabu kwa msitu wenyewe. Msing'oe ua, msitupe taka kijitoni, wala msilete mbegu wala miche. Uko mti uitwao Maesopsis, ambao haukuwa wa Amani. Watu waliupanda, nao ndege hondohondo wakala matunda yake na kuzitapanya mbegu, hata leo umeenea ndani ya msitu na kushindana na miti ya asili. Aliyepanda hakukusudia mabaya, lakini aliyoyafanya mara moja yamewashughulisha watu miaka mingi. Na mtu atakayechafua kijito kule juu akumbuke kuwa Tanga kuna mama anayejaza mtungi wake.

Wasikilizaji wetu, hatukusema haya ili kuwatisha. Nendeni, mkaone mbega wakiruka, mkasikie ndege, mkaonje ubaridi wa chini ya miti. Sisi wenyewe tulirudi Amani mwaka uliofuata, na yule kijana alikuwa miongoni mwetu. Aliomba apewe kazi ya kuwa mtu wa mwisho, akaifanya siku nzima bila kuiacha. Tulipofika Zigi jua lilikuwa bado juu. Tukahesabu mara moja tu, wakatimia wote.

Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Nasi twaongeza kwamba amwendeaye pole mwenzake, humfikisha. Kwa herini.