Hesabu za kikundi tuziandike wapi?



Vijana wameuliza: katiba na hesabu za kikundi ziandikwe kwa programu ya kupanga kurasa, ama ile ya maandishi matupu kama Notepad? Programu ya kurasa hupendeza, sikatai. Lakini faili yake mara nyingi huitaka programu ileile. PageMaker ilianza 1985. Toleo la saba, la mwisho, likatoka 2001. Aliyeweka kumbukumbu zake humo leo anahangaika.

Sasa mama anayekaanga mgongo wazi amekopa, analipa kidogo kidogo. Risiti ikiloa na faili ikikataa kufunguka, nani atamtetea? Maandishi matupu hufunguka kwa kompyuta yoyote, hata kuukuu. Hayana herufi nene wala picha, basi. Hata LaTeX, wanayotumia watu wa hesabu vyuoni, huandikwa matupu kwanza. Sura ya ukurasa huja baadaye.

Kwa hivyo andikeni matupu, msome majina na pesa mbele ya wanachama wote. Kijarida kikitakiwa, mpangaji kurasa apewe nakala. Ya kwanza ibaki kwa katibu, nyingine kwa mweka hazina.