Kabla ya Oktoba, Tukahesabu Matundu ya Vyoo

(Maelezo ya Kamati ya Elimu kwenye harambee ya wana-Mbagala, Aprili 2025)

 

Tumetumwa tuzungumzie vyoo vya shule, na tutavizungumzia. Lakini vyoo haviwezi kuzungumzwa bila kuwataja wanaotuongoza, na wanaotuongoza wametokana na vyama. Umoja wetu hauna kadi ya chama chochote. Humu ukumbini wamo wana-CCM, wamo wa CUF wa siku nyingi, wamo wa Chadema na ACT, na wamo waliochoka na wote. Tunaomba mtuvumilie kwa pamoja.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Harambee ya mwaka juzi tulinunua madawati kwa ajili ya shule moja ya msingi hapa kwetu. Siku ya kukabidhi, kiongozi mmoja wa eneo letu alipewa dakika tano, akachukua nusu saa. Alikishukuru chama chake kuanzia tawi hadi taifa, kisha akakaa kwenye dawati akapigwa picha. Hatukusema neno. Ilikuwa siku ya furaha, na pilau lilikuwa linapoa. Miezi michache baadaye mwenzetu mmoja, mjumbe wa mkutano wa chama hicho ngazi ya kata, alikaa akasikiliza taarifa ya utekelezaji wa Ilani ikisomwa. Madawati yetu yalikuwamo.

Hatulilii sifa. Kinachotuuma ni kwamba dawati likishahesabiwa kuwa limeletwa, halidaiwi tena. Swali ambalo halmashauri ilipaswa kuulizwa tulilijibu sisi, kwa fedha za mama ntilie na za dereva wa bodaboda waliochanga hapa, na kiongozi akavuka mto kwa daraja letu.

Wapo wanaosema dawa ni kubadili chama. Tumelijaribu hilo sisi watu wa Dar es Salaam. Mwaka 2015 majimbo ya Kinondoni na Temeke yote mawili yalikwenda CUF. Kabla ya mwaka 2018 kwisha, wabunge wote wawili walikuwa wamehamia CCM, kisha wakarudi bungeni kwa chama hicho. Ni haki yao, na hatuko hapa kuwahukumu. Tunasema tu kwamba aliyempa mtu kura kwa sababu ya rangi ya fulana alibaki na fulana. Aliyekuwa na deni lililoandikwa, la madarasa mangapi, shule gani, lini, angeweza kulidai kwa mtu yuleyule hata baada ya kuhama. Na sasa, baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, ambao karibu mitaa yote nchini ilichukuliwa na CCM, hakuna tena mwenyekiti wa kutuambia amekwamishwa na wapinzani.

Basi tudai nini? Tudai vinavyohesabika. Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni tundu moja la choo kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Darasa moja ni la watoto 45. Chukua shule ya watoto 2,000, ambayo hapa Mbagala wala si ya kushangaza, nusu wasichana na nusu wavulana. Inahitaji matundu 50 ya wasichana na 40 ya wavulana. Inahitaji madarasa 45. Nendeni Jumatatu kwenye shule aliyosoma mwanao, mhesabu. Mwalimu mkuu hatawafukuza. Wengi wao wanatamani mtu aje ahesabu.

Halafu fedha. Tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ada na michango ya lazima iliondolewa, na serikali ikawa inapeleka ruzuku moja kwa moja shuleni. Ruzuku ya mtoto wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka; 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu, na 6,000 huenda shuleni. Hiyo ni shilingi 500 kwa mwezi, bei ya andazi na chai. Shule yetu ya watoto 2,000 inapata milioni moja kwa mwezi, na humo itoke chaki, mitihani, michezo na ukarabati. Kiwango hicho cha 10,000 kiliwekwa enzi za MMEM, mwaka 2002. Mwalimu mkuu hana uwezo wa kukibadili, kwa hiyo tusimalizie hasira zetu kwake. Mwenye sauti ya kulisema hilo Dodoma ni mbunge, na mwenye kura kwenye mapato ya ndani ya manispaa ni diwani.

Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, wenyeviti wa mitaa wakiwa wajumbe na mtendaji wa kata akiwa katibu. Kikao hicho kina muhtasari. Kama vyoo havikuandikwa kwenye muhtasari, havikwenda popote, hata kama vilisemwa kwa kipaza sauti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na bajeti hupita barazani miezi kadhaa kabla. Anayepeleka ombi Mei anaombea mwaka unaofuata. Sisi wenyewe tulipeleka Juni. Tulijibiwa kwa heshima kubwa.

Kwamba jambo likiwa na idadi na tarehe hufanyika, tumeliona kwa macho. Oktoba 2021 Rais Samia alipozindua mpango wa fedha za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, ilitangazwa kwamba humo yatatoka madarasa 15,000. Kila mkoa ulijua fungu lake, na siku ya mwisho ilijulikana. Hata wazee wa baraza la kahawa walikuwa wanajua msingi umefika wapi.

Oktoba mwaka huu madiwani watarudi kuomba kura. Lakini penye chama chenye nguvu, diwani hupatikana kwenye kura za maoni, kabla ya Oktoba. Wenye kadi ndio mtakaoingia ukumbini humo. CCM ina Jumuiya ya Wazazi, ambayo elimu na malezi ndiyo kazi yake. Mliomo mna kiti ambacho sisi wengine hatuna. Mgombea akimaliza kujieleza, msimuulize ametuletea nini. Muulizeni shule za kata yake zina matundu mangapi. Asiyejua, na aliwahi kuongoza, amekwisha kujibu.

Sasa fedha za leo. Ni za vyoo vya wasichana kwenye shule ileile ya madawati. Kamati iligawanyika. Wengine tulisema tusitoe hata mfuko wa saruji mpaka mchango wa manispaa uandikwe. Mama mmoja, mjumbe wetu wa siku nyingi, akatuuliza kama binti aliye kwenye siku zake naye angoje muhtasari. Tulinyamaza kidogo. Alikuwa na haki, na bado hofu ya kubeba mzigo wa mtu mwingine kwa mara ya pili ilibaki.

Tulikubaliana hivi. Sisi tutachimba shimo na kuinua kuta. Maji na milango tumeiandikia kata barua kwamba ni ya manispaa, na nakala yetu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu halijaja. Barua hiyo itasomwa kwenye mkutano mkuu wa mtaa unaokuja, ijibiwe au isijibiwe, na tunaomba msituache wanne peke yetu. Siku ya kukabidhi, ukutani itaandikwa nani katoa nini, kabla ya mtu yeyote kupewa kipaza sauti.

Bahasha ziko mlangoni. Kila mtoaji adai risiti yenye namba. Mapato na matumizi ya harambee hii yatabandikwa kwenye ubao wa ofisi yetu ndani ya siku 30, kwanza sisi, ndipo twende kumwomba mwalimu mkuu abandike ya kwake.